Jinsi ya kuchagua piano dijitali ya kwanza ya nyumbani, kwa anayeanza kabisa

Kila nikipata mwanafunzi mpya hayapiti masomo mengi swali linakuja: mwalimu, ninunue ipi ya mazoezi nyumbani? Nimelijibu kwa meseji za sauti mpaka nimechoka, na juzi nilimsaidia mzazi mmoja kumtafutia mwanawe mwanzo mpaka mwisho, ikiwemo jioni nzima iliyoliwa na pedali (nitafika huko), kwa hiyo naandika yote hapa, akiuliza mtu namtumia linki basi.

Msimamo wangu nausema mapema: hela yako iende kwenye kii, yaani zile nyeupe na nyeusi unazobonyeza. Sauti 500, midundo, taa za kukuonyesha ubonyeze wapi, skrini ya rangi, hayo ni mapambo. Kidole kikishazoea kii nyepesi ya plastiki, siku ukikaa kwenye piano yenyewe unajikuta huna nguvu wala huwezi kupiga taratibu, na kurekebisha hapo ni kazi kweli.

Hatua ya 1: Kinanda au piano?

Watu wanavichanganya. Kinanda cha kawaida kina kii 61, nyepesi, za springi, na midundo ya kukusindikiza. Piano dijitali ina kii 88 (nyeupe 52, nyeusi 36) na chini ya kila kii kuna nyundo ndogo inayoinuka ukibonyeza, ndiyo inayoleta ule uzito. Kama unachotaka ni kupiga nyimbo na midundo, nunua kinanda kwa raha zako, huu mwongozo haukuhusu. Kama unataka kujifunza piano, twende.

Kama chumba ni kidogo, 73 au 76 zinatosha kwa muda mrefu tu maana anayeanza anazunguka kii za katikati. Ila zenye uzito. Nikipewa 88 nyepesi na 73 nzito nachukua 73 bila kufikiria mara mbili.

Hatua ya 2: Jaribu kii kwa vidole, sio kwa macho

Kwanza elewa kinachotokea humo ndani. Piano dijitali haipimi umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, inapima kasi. Chini ya kila kii kuna sensa mbili (nyingine zina tatu), ya kwanza inagusika kii ikianza kushuka, ya pili ikikaribia mwisho, na mashine inahesabu muda uliopita katikati. Muda mfupi, sauti kubwa. Muda mrefu, sauti ndogo. Kwa hiyo piano nzuri ni ile inayoelewa vizuri tofauti za kasi ndogo ndogo, hasa upande wa polepole, na huko ndiko za bei ya chini zinakoumbuka.

Kwenye maelezo ya bidhaa tafuta maneno mawili: nyundo (hammer action), na uzito uliopangwa (graded), yaani kii za kushoto nzito na zinapungua uzito kadiri unavyoenda kulia kama ilivyo kwenye piano ya nyuzi. Ukikuta wameandika nusu uzito (semi-weighted), au wameandika tu kwamba inahisi mguso (touch sensitive), hiyo haina nyundo. Alesis Recital kwa mfano ina kii 88 lakini ni nusu uzito, wengi wanainunua kwa kuona 88 wakadhani wamemaliza.

Ukiwa nayo mbele yako fanya hivi, hata kama hujui kupiga wimbo wowote:

- Chagua kii moja ya katikati, ibonyeze polepole iwezekanavyo mpaka isitoe sauti kabisa, kisha ongeza kasi kidogo kidogo. Unatakiwa usikie inazaliwa ndogo halafu inakua. Ikiruka kutoka kimya kwenda kelele, iache.
- Rudia kii hiyohiyo haraka haraka bila kuiacha ipande mpaka juu. Yenye sensa tatu hapa inajitofautisha. Kwa anayeanza sio lazima lakini ni vizuri ukaijua mapema.
- Bonyeza kii nyeupe kule ndani kabisa, katikati ya zile nyeusi, karibu na mwili wa piano. Watu wanasahau hili! Piano fupi kwa kina, kii yake nayo inakuwa fupi humo ndani, kwa hiyo kule nyuma inakuwa ngumu, na ukifika kwenye nyimbo za kii nyeusi nyingi utakaa kule sana. Casio PX-S1100 ni nzuri na nyembamba inapendeza mno, ila usiinunue kabla hujabonyeza kule ndani.
- Tikisa kii kushoto kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, kulegea sio kawaida.
- Zima piano kabisa ubonyeze, sikiliza kelele za kii zenyewe. Hedifoni inaficha muziki lakini haifichi ule mlio wa kugonga, tuk tuk, unaoshuka sakafuni, na jirani wa chini anausikia huo tu, tena bila wimbo.

Majina sasa. Kwenye daraja la kuanzia kuna Yamaha P-145 (iliyochukua nafasi ya P-45 mwaka 2023), Roland FP-10, Casio CDP-S110, Korg B2, na ukipanda kidogo Kawai ES120 na Roland FP-30X. Mimi nikilazimishwa nataja FP-10 kwa sababu ya kii zake, nzito, zenye sensa tatu na kile kikwazo kidogo unachokihisi karibu na mwisho kama cha piano kubwa. Spika zake za kawaida sana. Anayependa mguso laini zaidi na sauti ya joto ataipenda ES120. P-145 hutajuta ukiichukua. Kama mtoto ni mdogo sana na vidole vinachoka, Yamaha au Casio zitamfaa kuliko Roland.

Hatua ya 3: Sauti

Fupi tu. Unahitaji sauti moja nzuri ya piano. Ile namba ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja (64, 96, 192, 256) inamtisha mtu bure, 64 inamtosha anayeanza. Unajiuliza 64 za nini wakati vidole ni 10? Ukikanyaga pedali noti za nyuma zinaendelea kulia huku unaongeza mpya, na sauti ya stirio mara nyingi inakula nafasi mbili kwa noti moja. Ukifika kwenye nyimbo za kuzimaliza 64 utakuwa umeshajua unataka piano gani inayofuata.

Spika za watt 6 mbili kwa chumba cha kawaida zinatosha.

Hatua ya 4: Stendi na kiti

Usinunue stendi ya herufi X. Inatikisika ukipiga kwa nguvu, na ukitaka kuishusha inapanuka inakugonga magoti. Chukua ya Z, ya meza, au ya mbao inayotengenezwa kwa ajili ya piano hiyohiyo. Juu ya kii kutoka sakafuni iwe kama sentimita 72 mpaka 74. Kiti kinachopanda na kushuka ni cha lazima, kiwiko kiwe usawa wa kii. Mtoto akining'inia miguu mwekee kitu cha kukanyagia.

Hatua ya 5: Pedali (soma yote kabla hujaenda kugombana na muuzaji)

Hapa ndipo ile jioni ilipoliwa. Piano imefika, imefungwa, mtoto anapiga, na sauti haziishi. Hajakanyaga chochote lakini kila noti inaning'inia mpaka inakuwa uji. Akikanyaga pedali sauti zinakatika. Kinyume kabisa. Mama yake akaanza kuipaki irudi dukani, baba akaanza kuitafuta risiti, mimi kwenye simu nawauliza maswali. Ilikuwa nzima, piano na pedali vyote.

Sababu ni hii. Pedali ya bei ya chini ni swichi tu, na swichi hizi ziko aina mbili: kuna inayofunga mzunguko wa umeme ukikanyaga, na kuna inayoufungua ukikanyaga. Kampuni hazikukubaliana. Sasa piano nyingi ili zisikusumbue, zikiwashwa tu zinaangalia pedali iko katika hali gani na kudhani kwamba hali hiyo ndiyo "haijakanyagwa". Ni akili nzuri, shida inakuja pale ambapo mguu wako ulikuwa juu yake wakati unawasha, au uliwasha kwanza ukachomeka waya baadaye. Hapo piano imeshajifunza kinyume na itaendelea na kinyume mpaka uizime. Na yule mtoto kila akikaa, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, mguu tayari uko kwenye pedali. Kwa hiyo wakizima na kuwasha inarudi vilevile, wakabadilisha waya wa umeme, wakabadilisha soketi ya ukutani, vilevile.

Utaratibu sahihi:

1. Zima piano.
2. Chomeka jeki ya pedali mpaka mwisho, usikie imeingia. Ikiingia nusu inaleta mambo ya ajabu.
3. Toa mguu. Kabisa, uweke chini ya kiti.
4. Washa, subiri sekunde chache.
5. Sasa kanyaga.

Bado kinyume? Geuza pedali uangalie chini, nyingi zinazouzwa kwa ajili ya piano za kampuni yoyote zina kiswichi kidogo cha kubadilisha upande, kisogeze piano ikiwa imezimwa. Hakuna kiswichi? Angalia kwenye mipangilio ya piano, baadhi zina sehemu ya kugeuza pedali. Hakuna pia? Basi tafuta pedali ya kampuni iliyotengeneza piano yako na uache ubishi.

Na usichanganye tundu. Kuna piano zina tundu mbili zinazofanana, moja ya pedali ya kushikilia sauti na nyingine ya pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Soma maandishi, sio umbo.

Halafu kuna nusu pedali. Pedali ya swichi ina majibu mawili, ndiyo au hapana. Pedali endelevu inaelewa umekanyaga robo, nusu, robo tatu. Yamaha wana FC5 ambayo ni swichi na FC3A ambayo ni endelevu, Roland wana DP-10 ambayo ina kiswichi cha kuchagua iwe ipi kati ya hizo mbili. Kabla hujanunua endelevu hakikisha piano inaikubali, ukiichomeka kwenye inayojua swichi tu unaweza kupata pedali inayoshika inapotaka yenyewe. Kwa anayeanza swichi inatosha, lakini ile ndogo ya plastiki ya mraba inayokuja ndani ya boksi inakimbia sakafuni kila ukikanyaga, unaifukuza kwa mguu mpaka ukutani. Mimi nashauri ununue yenye umbo la pedali halisi, nzito, yenye mpira chini. Ukishindwa, weka kipande cha mpira au mkeka usioteleza.

Zile pedali tatu za kufungwa kwenye stendi ya mbao nyingi zina plagi yao ya peke yake, haziendi kwenye piano nyingine. Angalia kabla.

Hatua ya 6: Hedifoni, USB na bluetooth

Hedifoni ni za waya. Za bluetooth zinachelewesha sauti, unabonyeza sasa unasikia baadaye kidogo, na huko kidogo kunatosha kukuharibia mwendo. Tundu la piano laweza kuwa la milimita 6.3 au 3.5, adapta ni bei ndogo ila iwe ya stirio.

Neno bluetooth kwenye boksi lina maana mbili. Kuna ya kupeleka data za MIDI (taarifa za kii ulizobonyeza, sio sauti yenyewe) kwenda kwenye apu ya simu au tableti, na kuna ya kucheza muziki wa simu kwenye spika za piano. FP-10 ina ya kwanza tu, FP-30X ina zote. Watu wanalalamika bluetooth mbovu kumbe wanatafuta ile ambayo haipo. Waya wa USB unafanya kazi ya MIDI bila kuchelewa, mimi natumia waya.

Hatua ya 7: Ukinunua iliyotumika

Sina tatizo nazo, piano iliyotumika yenye nyundo naichukua kabla ya kinanda kipya. Nenda na hedifoni zako. Piga kii zote moja moja, zote 88, kwanza taratibu kisha kwa nguvu. Unatafuta kii inayolipuka kwa sauti kubwa hata ukiigusa taratibu, hiyo ni uchafu au uchakavu kwenye mpira wa sensa, inatengenezeka lakini ni lazima piano ifunguliwe. Chuchumaa macho yawe usawa wa kii uone kama kuna iliyozama. Adapta iwe ya kwake, au angalau volti na upande wa chanya na hasi vifanane na vilivyochorwa nyuma ya piano, ukikosea upande unaweza kuiua siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza

Kwenye mipangilio weka mguso wa kati, yaani jinsi piano inavyoitikia vidole vyako. Sauti iwe juu ya nusu, ukiiweka chini sana utazoea kugonga kii kwa nguvu ili ujisikie. Ikijizima yenyewe baada ya nusu saa haijaharibika, ni mpangilio wa kuokoa umeme na unaweza kuutoa. Na boksi usilitupe mpaka muda wa kurudisha uishe, weka pamoja na vile vipande vya povu gumu vya pembeni, maana ukiisafirisha bila hivyo kii zinaweza kuvunjika.