Kabla ya kuchagua nchi, chagua kibali

Watu wakiniuliza nchi gani ni nzuri ya kuhamia, nami huwauliza: utaingia kwa kibali gani? Wengine hukasirika kidogo, maana walitaka niwaambie tu Kanada au Ujerumani. Lakini majirani wawili katika nchi ileile, mmoja ana kibali cha kumfikisha kwenye ukaazi wa kudumu, mwenzake ana kibali kinachokufa pamoja na mkataba wa kazi. Hao hawaishi nchi moja.

Chukua nchi tatu, zisizidi. Kwa kila moja fungua tovuti ya serikali ya nchi hiyo inayoshughulikia uhamiaji, si ya wakala wala video za waliofika juzi, uangalie kibali unachoweza kupata wewe kinaishia wapi. Falme za Kiarabu hutoa viza ya dhahabu ya miaka 10, lakini mgeni wa kawaida asitegemee uraia. Kanada huhesabu siku: ukishapata ukaazi wa kudumu, unatakiwa uwe umekaa nchini siku 1,095 ndani ya miaka 5 ndipo uombe uraia. Uswisi ni miaka 10, na hata hapo jimbo na manispaa unayoishi nazo zina kauli.

Kisha uliza nani ataruhusiwa kukufuata. Uingereza ilizuia wahudumu wapya wa matunzo, yaani wanaohudumia wazee na watu wasiojiweza, kuleta wenza na watoto kuanzia Machi 2024, na Julai 2025 ikaacha kabisa kutoa viza hiyo kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Aliyekuwa anafuata ushauri wa mwaka 2022 aliukuta mlango umefungwa. Kwa hiyo kila unachosoma, tafuta kwanza kimeandikwa lini.

Nakaa zaidi kwenye vyeti, kwa sababu mimi ni muuguzi niliyehamia Ujerumani na hapa ndipo naona wenzangu wengi wakikwama. Uuguzi kule ni kazi inayolindwa na sheria: cheti chako kinalinganishwa na mafunzo yao, na Kijerumani kwa kawaida kinatakiwa kifike ngazi ya B2, ya nne kati ya sita za vipimo vya lugha vya Ulaya. Majibu huja kwa barua yenye orodha ya masomo, na kwa kila somo imeandikwa kilichopungua, mfano saa za mazoezi katika wodi ya watoto. Pengo hilo unalijaza kwa mafunzo ya ziada au kwa mtihani. Mpaka umalize unafanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi. Ule mshahara uliouona kwenye tangazo ni wa muuguzi aliyekwisha kutambuliwa, basi bajeti yako usiipige kwa huo. Mtaalamu wa kompyuta hana shida hii. Ujerumani anaweza kupata kibali hata bila shahada, akiwa na uzoefu wa kutosha na ofa ya kazi inayofikia kiwango cha mshahara. Ndiyo maana nchi iliyomfaa shemeji yako huenda isikufae wewe.

Lugha ihesabu kama mtaji. Kanada, kwa mfano, ikiwapanga waombaji wa ukaazi kwa alama, huongeza alama kwa anayejua Kifaransa vizuri.

Uraia pacha: Ujerumani inauruhusu tangu Juni 2024, Japani inamtaka anayechukua uraia wake aache ule wa zamani. Soma pia sheria ya nchi yako, kwani huenda ndiyo inayokataa.

Hali ya hewa? Nunua koti.

Ukishabakiwa na nchi moja, anza na nakala za matokeo ya chuo na mtaala wa masomo uliosoma, maana vyuo huchelewa kujibu. Mtihani wa lugha ufuate. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, huhesabika kwa miaka 2 tu, usiyawahi mno. Cheti cha polisi kiombe mwisho, kwani nchi nyingi hukitaka kiwe cha miezi michache iliyopita.