Ukiona "salfeti" kwenye mfuko, soma jina zima kwanza

Wakulima wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, ukiingia duka lolote la pembejeo hili neno salfeti halikosi, na kuna watu wanabeba mfuko kisa tu jirani nae alichukua "ya salfeti". Naomba sana tusifanye hivo, hela zenyewe ngumu.

Salfeti ni chumvi inayotokana na asidi ya salfuriki, ile ya kwenye betri ya gari. Asidi ikishaungana na metali au amonia inakuwa chumvi, na alama yake kwenye mfuko ni SO4. Salfeti ni kama jina la ukoo, wako wengi, we angalia jina la kwanza ndo linakwambia kazi yake.

Amoniamu salfeti ndo ile mbolea ya SA, ina naitrojeni asilimia 21 na salfa 24. Inaongeza uchachu kwenye udongo, kwahiyo chai ya Mufindi au Rungwe haina shida nayo, ila mahindi kwenye udongo ambao tayari una uchachu ukiiweka kila mwaka bila chokaa unajiumiza. Na usichanganye SA na chokaa siku moja, ukisikia ile harufu inachoma pua ujue naitrojeni yako inaondoka hewani, ziachanishe wiki kadhaa.

Potasiamu salfeti, nyie wa tumbaku Chunya ndo mbolea yenu, msikubali kubadilishiwa potasiamu kloraidi eti bei chee, klorini ikizidi jani la tumbaku likiwashwa haliungui vizuri. Jasi ni kalsiamu salfeti, inaleta kalsiamu na salfa lakini haipunguzi uchachu, sio mbadala wa chokaa hata muuzaji aseme nini.

Sasa mrututu, yani kopa salfeti, yale mawe ya bluu. Huu ni dawa ya ukungu kwenye viazi, nyanya na kahawa, na ukiupiga peke yake unaunguza majani, lazima chokaa. Kwa lita 20 chukua mrututu gramu 200 na chokaa iliyozimuliwa (iliyokwisha kuzimwa kwa maji) gramu 200. Yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki, sio ya bati maana unakula chuma, chokaa koroga kwenye ndoo nyingine, alafu mimina mrututu taratibu kwenye chokaa huku unakoroga, chuja. Kabla ya kupiga chovya msumari safi dakika moja hivi, ukitoka na rangi nyekundu nyekundu ya shaba chokaa haijatosha, ongeza kidogo upime tena, usipobadilika rangi jaza bomba. Vaa glavu, piga siku hiyohiyo usilaze, na mabaki usimwage mtoni kabisa, mrututu unaua samaki.

Na ile salfa ya unga wanayopulizia korosho kule Mtwara sio salfeti, hiyo ni salfa yenyewe, usiitumie badala ya hizi.