Kusubiri ndege saa nyingi Bole, Addis Ababa

Abiria wengi wanaotoka Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Entebbe, Kigali, Bujumbura au Lubumbashi kwenda Ulaya na Marekani hubadilisha ndege Addis Ababa. Wengine hushtuka wakiwa wameshafika kwamba wana saa kumi au hata ishirini za kungoja. Muda huo unaweza kuwa wa kuoga maji ya moto na kulala kitandani, au wa kujikunja kwenye kiti mpaka shingo ikakamaa. Mara nyingi jambo hilo huamuliwa siku unayokata tiketi na jioni unayofunga begi, si pale uwanjani.

Kabla ya kulipa tiketi

Bole, uwanja wa ndege wa Addis Ababa, hufanya kazi kwa mawimbi mawili. Alfajiri zinatua ndege za Ulaya, Marekani na Asia, na asubuhi ile ile zinaondoka za kwenda miji ya Afrika. Jioni zile za Afrika hurudi na watu wao, kisha kuanzia kama saa nne usiku hadi baada ya usiku wa manane zinaruka za mabara mengine. Ukiunganisha ndani ya wimbi moja utasubiri saa mbili hadi nne tu. Ukilikosa, unangoja lijalo, na ndipo kusubiri kunapokuwa kurefu.

Kwa desturi Ethiopian Airlines humpa hoteli, usafiri na chakula abiria anayesubiri kati ya saa 8 na 24, mradi safari yote iko kwenye tiketi moja na hakukuwa na ndege ya mapema zaidi ya kuunganisha. Sharti la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Ukichagua mwenyewe ndege ya kesho ilhali ya leo ilikuwepo, kwa sababu ya bei au kwa kutaka kuuona mji, umejitoa kwenye hoteli ya bure. Nauli nazo hutofautiana, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi, na jibu lihifadhi kwenye simu. Wakala akikwambia “utapewa tu ukifika”, mwombe akuonyeshe mahali palipoandikwa.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali ni habari nyingine kabisa. Begi lako litaishia Addis Ababa, itabidi upite uhamiaji ulichukue na kulikabidhi upya, na kwa hilo unahitaji ruhusa ya kuingia Ethiopia. Wakenya hawahitaji viza. Wengine waangalie masharti ya pasipoti yao kwenye tovuti ya serikali, evisa.gov.et, na wawe macho na tovuti za kuiga zinazotoza zaidi.

Begi la mkononi

Mzigo uliokabidhiwa Dar kwa tiketi moja hutauona Bole, hata ukipelekwa hotelini. Vyote vya usiku mmoja viwe mkononi: nguo ya ndani, mswaki, soksi nzito, dawa zako zote, na sweta ya kweli. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyeondoka Dar kwenye joto la nyuzi 31 anashuka usiku kwenye nyuzi 10 au pungufu, na kuanzia Juni hadi Septemba kuna mvua juu yake. Hewa nayo ni nyepesi. Ukipanda ngazi na begi utahema kuliko ulivyozoea, na kichwa kinaweza kuuma kidogo. Kunywa maji, tembea taratibu, na pombe iache mpaka ufike uendako.

Beba kanga mbili au kitenge kizito. Moja inatandikwa, ya pili inafunika kichwa na macho, maana taa za ukumbini hazizimwi. Zikikunjwa hazichukui nafasi kuliko gazeti.

Soketi za Ethiopia ni za matundu mawili ya mviringo, kama za Ulaya. Chaja ya Tanzania, Kenya au Uganda yenye meno matatu bapa haiingii. Adapta ndogo inunue nyumbani. Pawabanki iwe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi la kukabidhi, na isizidi wati-saa 100. Ukiona imeandikwa mAh 20,000 kwa volti 3.7, hiyo ni wati-saa 74, haina tatizo.

Kwenye kaunta ya nyumbani, omba pasi zote mbili za kupandia ndege, kisha soma lebo ya begi kabla halijaondoka kwenye mkanda. Herufi tatu kubwa ziwe za mwisho wa safari yako: IAD kwa Washington, LHR kwa London, YYZ kwa Toronto. Zikiwa ADD, begi linaishia Addis Ababa. Lalamika hapo hapo, kwa sababu kulirekebisha kaunta ni kazi ya dakika mbili, na kulirekebisha Bole kunaweza kula usiku wako.

Ukitua

Ukishuka utaona watu wamegawanyika. Wenye kuunganisha upesi hufuata vibao vya kubadilisha ndege na kupekuliwa upya. Kama una haki ya hoteli usiwafuate. Muulize mfanyakazi wa kwanza mwenye sare ilipo kaunta ya hoteli za abiria wa transiti, na uende ukiwa umeshika pasipoti na pasi ya ndege inayofuata. Hapo utapewa vocha. Isome kabla hujaondoka: jina la hoteli, milo mingapi, na saa ya kurudishwa uwanjani. Baada ya hapo ni uhamiaji, kisha basi dogo nje. Foleni hizi tatu kwa pamoja zinaweza kuchukua saa nzima na zaidi wimbi la asubuhi likiwa limejaa. Ndiyo maana anayesubiri saa 8 kamili hupata usingizi wa saa tatu tu, nne akibahatika. Mwenye saa 8 na watoto wadogo tungemshauri apime kwanza kama usumbufu huo una faida.

Saa ya Ethiopia

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mzungu hana. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Saa moja yao ya asubuhi ni saa moja yetu, na majira ya nchi ni yale yale ya Nairobi na Dar. Anayetoka Kigali, Bujumbura au Lubumbashi aongeze saa moja kwenye saa yake.

Mtego uko kwenye Kiingereza. Dereva wa hoteli akikwambia kwa Kiingereza kwamba basi linaondoka “two o'clock”, huenda anamaanisha saa mbili usiku, yaani 20:00, kama vile sisi tunavyoteleza tukitafsiri haraka. Lakini mtu wa mapokezi aliyezoea wageni anaweza kumaanisha 14:00. Usikisie. Fungua simu, andika tarakimu nne za mfumo wa saa 24, mwonyeshe, naye akubali au akusahihishe.

La pili ni tarehe. Ndege ya 00:20 tarehe 15 huruka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo hotelini unaondoka jioni ya tarehe 14. Wapo wanaolala kwa amani usiku ule wakidhani safari ni kesho yake. Mapokezi waambie wakuamshe, na simu yako itegwe pia.

Ukibaki ndani ya jengo

Kama huna hoteli, Jengo la 2 ndilo lenye safari za kimataifa. Tafuta mahali pa kulala mchana au mapema jioni. Likifika wimbi la usiku viti hujaa, waifai hudhoofika, na foleni ya choo hurefuka. Viti vya kujinyoosha ni vichache, na vile vyenye mikono ya chuma katikati haviruhusu mtu kulala. Sakafu ni baridi kali, kanga moja haitoshi. Kaa karibu na ukuta, mkanda wa begi uzungushe mguuni, pasipoti iwe ndani ya nguo.

Beba dola za noti ndogo, za 1 na 5. Maduka mengi huzipokea, lakini chenji inaweza kurudi kwa birr, fedha ya Ethiopia. Usibadilishe nyingi, kwa kuwa birr zilizobaki ni shida kuzibadilisha nyumbani. Maji nunua ya chupa iliyofungwa. Kahawa hapa ni *buna*, ndugu wa neno letu buni. Inywe ikiwa imetoka tu kuchemshwa kwenye jebena, kile chungu cheusi chenye shingo ndefu, kama ipo: ni kali, kikombe kidogo kinatosha. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai, kwa hiyo siku hizo sahani ya mboga na dengu juu ya injera, mkate mpana mwembamba wa Kiethiopia, ni rahisi kupata. Injera ina uchachu. Mwenye tumbo jepesi ale kidogo kabla ya safari ya saa nyingi.

Kwenda mjini

Chini ya saa 8 usitoke. Ukiwa na saa 12 za mchana na ruhusa ya kuingia, nenda Makumbusho ya Taifa ukaone habari za Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinkinesh, mifupa ya jamaa wa kale wa binadamu yenye miaka milioni 3.2 iliyopatikana Hadar mwaka 1974. Mapokezi ya hoteli wakuitie gari na wakutajie bei kabla hujapanda. Saa tatu kabla ya ndege uwe umesharudi mlangoni pa uwanja. Ukaguzi huanzia hapo hapo mlangoni, viatu na mkanda vinavuliwa, na kuna ukaguzi mwingine ndani. Chupa yoyote inayozidi mililita 100 itabaki kwao, asali ya zawadi ikiwemo.

Kadi ya homa ya manjano

Hili husahauliwa na wanaorudi nyumbani kutoka Ulaya. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na Tanzania humtaka cheti msafiri aliyepitia uwanja wa nchi kama hiyo kwa zaidi ya saa 12. Kwa hiyo kusubiri saa 14 Bole kunaweza kukudai kadi ambayo kusubiri saa 3 kusingeidai. Chanjo huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Ibebe yenyewe mkononi pamoja na pasipoti, si picha yake tu.