Kuuza Gari Bila Dalali: Hakikisha Jina Lako Limetoka Kwenye Kadi

Tanzania, mwenye gari ni yule ambaye jina lake lipo kwenye kadi ya TRA (Mamlaka ya Mapato). Mimi nilijifunza hilo kwa uchungu. Gari langu la kwanza nilimuuzia kijana mmoja muungwana sana, akanilipa yote, akasema, "Kaka, nipe wiki mbili nitabadilisha kadi." Miezi minane baadaye simu ikaita saa mbili usiku: gari limegonga bodaboda na dereva amekimbia. Askari walipoingiza namba ya gari, jina lililotoka lilikuwa langu. Ndiyo maana nakuomba usiuze kwa ahadi ya kubadilisha kadi baadaye.

Kabla hujatangaza gari, kaa na karatasi zako. Fungua boneti, soma namba ya chesisi na ya injini kwa tochi ya simu, ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Nilipouza gari la pili, mkataba wangu ulirudishwa kwenye dirisha la TRA kwa sababu karani aliyeuchapa alipiga 7 mahali pa 1, tukapoteza siku nzima. Kama gari limepigwa rangi nyingine, au liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, malizana na TRA kwanza. Kama lina mkopo, benki ikuachie kadi kwanza. Na kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia wewe, mtafute sasa hivi, maana mnunuzi makini hatakuelewa.

Halafu angalia madeni. Faini za barabarani unazitafuta kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa TMS. Ushuru wa maegesho unauona kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Lipa, utunze risiti.

Wanunuzi wataanza na "namba gani?", wakitaka kujua kama herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao cha namba ni D au E, yaani gari lilisajiliwa zamani au karibuni. Wajibu ukweli, na ubovu unaoujua uutaje. Akitaka kujaribisha gari, panda naye. Akija na fundi wake, mwache akague anavyotaka.

Mkishakubaliana bei, nendeni kwa wakili mwandike mkataba wa mauziano. Uwe na majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, namba za mlipakodi (TIN) za wote wawili, namba ya gari, chesisi, injini, bei na mashahidi. Mimi huongeza tarehe na saa ya kukabidhi gari, pamoja na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Faini ya saa nne ikija na gari ulilikabidhi saa tatu, una cha kuonyesha. Usikubali kuandika bei ya chini ili kupunguza ushuru. Mkija kugombana, mkataba utasema ulilipwa hiyo hiyo ndogo.

Pesa ipokee benki, na uthibitishe salio lako mwenyewe. Ujumbe wa simu peke yake usiutegemee, matapeli wanautengeneza.

Siku hiyo hiyo, wote wawili, pelekeni maombi ya kuhamisha umiliki TRA mkiwa na kadi halisi, mkataba wenye mhuri wa wakili, nakala za vitambulisho, TIN na picha ndogo za mnunuzi. Kwa gari, ada ya uhamisho ni shilingi 50,000, ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na kadi mpya ni 10,000. Gari la milioni 12 linafika 180,000 jumla. Kwa kawaida analipa mnunuzi, lakini liseme hilo wakati wa kupatana bei. Kwa maoni yangu, kama hana hela ya uhamisho, bora umpunguzie bei ulipe wewe, kuliko aondoke na gari lenye jina lako.

Mwenye gari akiwa amefariki, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayesaini. Mjane au mtoto hawezi kuuza kwa sababu tu kadi ipo kabatini.

Baada ya hapo ijulishe kampuni yako ya bima. Mnunuzi akikwambia "nimeshafuatilia, ipo tayari", mwombe picha ya kadi mpya yenye jina lake, uihifadhi pamoja na mkataba.