Ukitaka meli ya abiria itembee na haidrojeni, anzia kwenye friji na taa

Mugonile wadau. Kuna vijana wa chuo hapa Mbeya wananiuliza fueli seli inafungwaje kwenye meli kubwa ya abiria, nimeona niandike maana mimi ni fundi umeme na Ziwa Nyasa nimelipanda sana toka Itungi mpaka Mbamba Bay, ukilala nyuma karibu na bomba la moshi asubuhi shuka linanuka dizeli na watoto wanakohoa, hiyo kitu inaniuma kweli.

Fueli seli haichomi kitu. Haidrojeni inaingia upande huu, oksijeni ya hewani upande ule, katikati kuna utando mwembamba, unatoka umeme, maji na joto basi. Seli moja ikibeba mzigo inatoa kama volti 0.7 tu kwa hiyo unazipanga mamia kama sahani kabatini.

Kwanza jua mzigo. Usikimbilie propela, anza na taa, friji, feni na pampu. Shuka kwenye bodi ya jenereta na klampu mita, kile kipimo cha umeme kinachobana waya, andika kila nusu saa safari nzima. Tuseme umepata wastani wa kilowati 60 kwa masaa 10, hizo ni uniti 600, uniti hizi hizi za Luku. Kilo moja ya haidrojeni ina uniti 33, fueli seli inakupa karibu nusu, weka 16, kwa hiyo unahitaji kilo 38 hivi. Ukitaka na propela, tuseme jumla kilowati 400, inaruka mpaka kilo 250.

Hapo kwenye kilo 250 ndo kuna kazi! Hata ukiishindilia kwa presha ya baa 350 inakula nafasi ya lita zaidi ya 10,000, hujahesabu unene wa mitungi, wakati dizeli ya safari hiyo ni kama lita 1,000. Ndo maana kivuko cha Hydra kule Norway, kinachotumia haidrojeni toka 2023, wanabeba ya kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri.

Mitungi weka juu ya paa, usiifiche chini. Gesi ya kupikia ikivuja inatambaa sakafuni, haidrojeni inapanda, so sensa za kunusa gesi zinafungwa darini, na inawaka ikishafika asilimia 4 tu ya hewa, tena mwali wake mchana huuoni vizuri. Hapa usibane hela hata kidogo.

Betri pia lazima, maana meli ikiingia bandari ya Lupingu ni mbele nyuma mbele nyuma, fueli seli haipendi kushtuliwa, mishtuko yote iende kwenye betri.

Sasa gesi unaitoa wapi? Kupasua maji kwa umeme upate haidrojeni kunakula kama uniti 55 kwa kilo, kwa kilo 38 ni uniti 2,090 ili meli ipate 600, ukinunua kwa Luku utalia. Ila kama meli inatoka mara moja kwa wiki, mtambo una masaa 168 ya kujaza polepole, gawanya uone, ni kilowati 12 au 13 tu, na maji yaliyosafishwa mapipa mawili hayajai. Kilowati 13 kamto kadogo kanakoshuka toka Rungwe kanatoa usiku na mchana, hata kwa kilo 250 ni kama kilowati 82 tu. Mimi ningeanzia hapo, mtoni, kabla sijagusa meli.

Anayepanda wiki hii abebe klampu mita, aombe ruhusa kwa injinia wa meli, atuletee namba za bodi.