Mawimbi ya kisu cha damaski: ya kweli au ya kuchorwa?

Kwa mnaonunua visu vya damaski, yaani vyenye mistari kama mawimbi kwenye bapa, hapa Arusha: sugua sehemu ndogo karibu na mpini kwa msasa laini, namba 600 inatosha, mpaka mchoro ufutike. Pangusa mafuta yote, kisha bandika pamba iliyolowa siki ya moto kwa dakika kumi hivi. Mawimbi yakirudi, hicho ni chuma cha matabaka kilichofuliwa kweli. Kikibaki cheupe au cha kijivu kitupu, mchoro ulikuwa wa juujuu tu. Sababu ni kwamba fundi huunganisha vyuma viwili, kwa mfano aina ziitwazo 1084 na 15N20. Hicho cha pili kina nikeli kama asilimia 2, asidi ya siki haikiwezi sana, kinabaki kinang'aa huku mwenzake akiwa mweusi. Muuzaji akigoma kusuguliwa kisu chake (na ana haki), kague mgongo: mistari ya kweli huvuka hadi upande wa pili. Njia ya siki haifai kwa matabaka yasiyoshika kutu, wala kwenye makali, kwa sababu visu vingine vina kiini cha chuma kimoja kinachotokeza kwenye makali bila mawimbi. Ukimaliza suuza, kausha, paka mafuta.