Namna ya kuitumia misingi ya Katiba isiyoshitakika mahakamani

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Wengi wanaonijia wamebeba Katiba, wamepigia mstari ibara inayoiagiza Serikali kuhusu elimu, kazi au matunzo ya wazee, na wanataka kufungua shauri. Ninachowaambia ndicho ninachokuandikia hapa.

Ibara za namna hiyo mara nyingi ni misingi tu: malengo ambayo Katiba inaiagiza Serikali kuyafuata, huku ikikataza mahakama kuyatekeleza. Kabla ya kuandika hati yoyote, tafuta ibara inayoeleza nguvu ya sehemu yenye misingi hiyo. Tanzania ni ibara ya 7(2), India ya 37, Ireland ya 45. Nigeria misingi iko Sura ya Pili, lakini katazo limewekwa mbali nayo, kifungu cha 6(6)(c). Ukilikuta katazo la namna hiyo, usifungue shauri linalosimama juu ya msingi peke yake. Litatupwa, na huenda ukabebeshwa gharama.

Ila usiishie hapo. Ibara ya 7(1) ya Tanzania inavipa vyombo vyote vya utawala, vya kutunga sheria na vya kutoa haki wajibu wa kuitekeleza misingi hiyo. Kwa hiyo wajibu upo. Kilichofungwa ni mlango mmoja tu, na hili hunichoma kila ninapomsikia kiongozi akisema misingi hiyo ni mapambo.

Njia ninayoitegemea zaidi ni kuufunganisha msingi na haki ya msingi inayodaiwa mahakamani. Tazama India. Katiba ya 1950, ibara ya 45, iliitaka Serikali ijitahidi kutoa elimu ya bure na ya lazima kwa watoto hadi miaka 14, ndani ya miaka 10. Miaka hiyo ikapita bila ahadi kutimia. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu, katika shauri la Unni Krishnan, iliisoma ibara hiyo pamoja na ibara ya 21 inayolinda uhai, ikasema mtoto ana haki ya elimu hadi umri huo. Marekebisho ya 2002 yakaingiza ibara ya 21A, na sheria ya utekelezaji ikaanza kutumika 2010. Basi hati yako itangulize haki iliyovunjwa: ibara ipi, nani aliyeivunja, kwa kitendo gani. Msingi uje baadaye, kuisaidia mahakama kuona upana wa haki hiyo. Ukiutanguliza, unampa wakili wa Serikali pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa, bila jasho.

Kagua pia kama Bunge limeshatunga sheria ya kutekeleza msingi wako. Ikiwepo, shitaki kwa sheria hiyo. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Nigeria ilikubali kwamba Bunge lina mamlaka ya kutunga sheria dhidi ya rushwa kwa kutegemea msingi wa Sura ya Pili.

Isipokuwepo, nenda bungeni. Kamati inapopokea maoni ya muswada au bajeti, andika ukurasa mmoja: nakili maneno ya ibara, taja kifungu cha bajeti au cha muswada kinachokwenda kinyume, kisha andika maneno au kiasi unachotaka kiwekwe badala yake. Malalamiko ya jumla hayaingii kwenye taarifa ya kamati; pendekezo lenye maneno kamili laweza kuingia. Wasilisha kabla ya siku ya mwisho, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.